Hesabu Iliyozaliwa Katika Wimbo

Katika mwaka wa kumbukumbu kama huu, ni desturi kuwataja waliochanga fedha na waliosimamisha kuta za hekalu. Tunawakumbuka kwa shukrani. Pamoja nao, inatupasa kuukumbuka urithi mwingine ambao wazee wetu walivuka nao bahari bila kuulipia nauli: elimu ya hesabu iliyobebwa na wimbo, ngoma na mchoro.

Chanzo chake ni ushairi. Mwanachuoni Pingala, anayekadiriwa kuishi karne mbili au tatu kabla ya Kristo, alitunga Chandahshastra, kitabu cha kanuni za ushairi wa Kisanskriti. Katika lugha hiyo silabi ni za namna mbili: laghu, iliyo fupi, huchukua pigo moja, guru, iliyo ndefu, huchukua mapigo mawili. Wataalamu waliomfuata wakajiuliza: mstari wenye mapigo kadhaa waweza kujazwa kwa njia ngapi?

Tuchukue mapigo manne. Zaweza kuwa silabi fupi nne. Au ndefu mbili. Au ndefu moja na fupi mbili, ile ndefu ikikaa mwanzo, katikati au mwisho. Jumla ni njia 5. Sababu yake ni nyepesi. Mstari ukiishia kwa silabi fupi, nyuma yake kuna mapigo matatu, yenye njia 3. Ukiishia kwa ndefu, nyuma yake kuna mawili, yenye njia 2. Tatu na mbili ni tano. Hivyo kila namba hupatikana kwa kujumlisha mbili zilizoitangulia: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34.

Kanuni hii ilielezwa na Virahanka, kisha katikati ya karne ya 12 na Hemachandra, mwanachuoni wa dini ya Jaini aliyeishi Gujarat, nchi walikotoka wazee wa familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, aliutaja mfuatano huo huo katika kitabu chake, akihesabu uzazi wa sungura, na leo dunia huuita kwa jina lake. Hatusemi haya ili kumpunguzia sifa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba tarakimu alizofundisha ni za Wahindi. Zilimfikia kupitia Waarabu, na kwa njia hiyo hiyo Kiswahili kikapata neno sifuri, kutokana na neno la Kiarabu lililofasiri shunya ya Kisanskriti, yaani tupu.

Majirani zetu hawataliona jambo hili kuwa geni. Malenga wa Kiswahili naye ni mtu wa hesabu. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Wa shairi, kwa kawaida, una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Tofauti ni kwamba yeye huhesabu silabi zote kwa uzito mmoja. Nayo tabla ipigwayo hekaluni hufuata mara nyingi tintal, mzunguko wa mapigo 16 yaliyogawanywa manne manne. Ukiujaza mzunguko huo kwa sauti za pigo moja na za mapigo mawili, kanuni ya Hemachandra hukupa njia 1,597.

Furaha hii haikuishia katika ngoma. Mwaka 1150 Bhaskara aliandika Lilavati, kitabu cha hesabu kilichotungwa kwa beti, chenye mafumbo ya nyuki waliogawanyika mauani na ya tausi amrukiaye nyoka. Kusini mwa India, akina mama huchora kolam mlangoni alfajiri kwa unga wa mchele: hupanga nukta, kisha huzizungusha kwa mstari ambao mara nyingi hauinuliwi mpaka urudi ulipoanzia. Mchoro wa namna hiyo huwezekana pale tu ambapo kila makutano yana njia za idadi shufwa.

Urithi huu ungali hai. Manjul Bhargava, aliyetunukiwa Nishani ya Fields mwaka 2014, ni mpigaji tabla, na alijifunza ushairi wa Kisanskriti kwa babu yake. Huko Marekani, Vi Hart alianza mwaka 2010 kutoa video kwenye intaneti zinazofundisha hisabati kwa michoro ya pembeni mwa daftari. Mojawapo huonyesha namba zile zile za Hemachandra katika mizunguko ya koni za misonobari.

Hata hivyo, siku hizi bhajan nyingi hutoka kwenye spika, na rangoli hununuliwa dukani ikiwa karatasi ya kubandika. Mtoto akikua hivyo, huiona hesabu kuwa adhabu ya darasani, wala hajui kwamba mkono wake ungeweza kuipiga na kuichora. Kwa hiyo tunaomba kumbukumbu hii iadhimishwe kwa kuwarudishia watoto tabla na unga wa rangi, pamoja na mzee wa kuwahesabia mapigo kwa sauti. Watoto wa majirani nao waje, na wale wenye malenga nyumbani waje na mizani zao, ili wahesabu pamoja.