Sanaa ya Ufipa haibebeki

Ukisema Dar es Salaam kwamba kwenu ni Sumbawanga, watu hucheka kwanza, halafu husogea pembeni kidogo. Wanataka kusikia habari za radi za mchana kweupe, za ungo na mengineyo. Wachache wanajua kwamba jina lenyewe husemwa lina maana ya "tupa uchawi", yaani kinyume kabisa cha hicho wanachokitania. Mimi nimekulia Mpui, pale unapopita ukitoka Laela kwenda Sumbawanga mjini, kwa hiyo utani huu nimeuzoea. Nauweka hapa mwanzoni kwa sababu una uhusiano na jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani tangu nianze kutembelea makumbusho na maduka ya vinyago. Swali lenyewe ni hili: sanaa ya jadi ya Tanzania ni ipi hasa, na nani aliamua?

Tuanze Dar, maana huko ndiko wengi wetu tulikofundishwa jibu. Mgeni akitua uwanja wa ndege akauliza sanaa ya jadi, atapelekwa sehemu mbili: Mwenge kwa wachongaji, na Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Nimekwenda kote. Mwenge nilikaa nusu siku nikitazama mpingo unavyoanza kuwa mtu. Oysterbay nilinunua tembo mwenye madoa, ambaye sasa yuko ukutani kwangu na simwonei haya. Ni kazi nzuri. Lakini je, unajua umri wake?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora Dar mwaka 1968 hivi, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi zile za kupakia baiskeli. Wazungu waliokuwa wakiishi Oysterbay wakanunua. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mwizi, akafa. Hesabu mwenyewe: miaka minne tu! Ndugu na wanafunzi wake ndio walioendeleza mtindo hadi wakaunda ushirika wao mwaka 1990. Kwa maneno mengine, hiyo "sanaa ya jadi" ni changa kuliko baba yangu mkubwa.

Vinyago vya Wamakonde vina mizizi mirefu zaidi, hilo halina ubishi. Wamakonde wa Msumbiji walikuwa na vinyago vya kuvaa kichwani, vya mapiko, kwa ajili ya unyago na ngoma zao. Lakini kile kinyago cha "shetani", chenye jicho moja na kiungo kilichopinda, kilitokea Dar es Salaam katika miaka ya 1950, mchongaji Samaki Likankoa akiwa ndiye anayetajwa zaidi na Mohamed Peera akiwa mfanyabiashara aliyekinunua na kukitafutia soko. Inasimuliwa kwamba yote yalianza na kinyago kilichovunjika mkono, tajiri akakipenda hivyo hivyo kilivyo. Iwe kweli au isiwe, hadithi yenyewe inasema jambo: mnunuzi alikuwepo tangu siku ya kwanza.

Sisemi haya ili kuwadharau. Msanii lazima ale. Na wala si sisi peke yetu. Kule Bali, Indonesia, watalii humiminika Ubud kuona michoro na michongo ya jadi. Zamani wachoraji wa Bali walifanya kazi kwa ajili ya mahekalu na majumba ya wafalme, wakichora visa vya miungu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaja wachoraji wa Kizungu, Walter Spies kutoka Ujerumani na Rudolf Bonnet kutoka Uholanzi. Mwaka 1936 wakaanzisha pamoja na wenyeji, akiwemo mwana wa mfalme wa Ubud, Cokorda Gede Agung Sukawati, chama kilichoitwa Pita Maha. Karatasi, mikulima wa mpunga, soko, wacheza ngoma: mambo ya kila siku yakaingia kwenye picha, na picha zikaingia kwenye masanduku ya wasafiri. Nyingi ya michoro inayoitwa ya jadi huko leo inatokana na miaka ile. Tofauti yao na sisi ni kwamba waliona mapema kazi bora zinakwisha kisiwani, wakajenga makumbusho yao wenyewe, Puri Lukisan, yaliyofunguliwa mwaka 1956. Hapo walitupita.

Sasa turudi nyumbani. Ufipa tuna nini cha kumwonyesha mgeni?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa "hakuna". Hatuna kinyago maarufu, hatuna picha. Tuna mahindi, ulezi, maharage na baridi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kwetu mwaka 1880, alitusifu kwa kilimo na kwa kupenda amani, sifa nzuri sana lakini haiuziki Mwenge. Walikuwepo pia wafumaji wa nguo za pamba, nzito na imara, ambazo zilimalizwa na majora ya kutoka nje. Nyingi zilivaliwa zikachakaa, kama nguo yoyote inavyopaswa.

Halafu kuna kigoda. Kila aliyekulia Ufipa amesikia kisa cha Milansi kwa namna moja au nyingine. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alikwenda mbali kuwinda, akaonya nyumbani kwamba wageni wakija wasipewe kiti chake. Wakaja wanawake wageni, wakaingia, wakakikalia. Aliporudi mambo yalikuwa yamekwisha: utawala ulikuwa umehamia kwa wageni, ukoo wa Watwa, na Milansi ikabaki na heshima ya mambo ya mizimu tu. Mwanaanthropolojia Roy Willis alikiandika kisa hiki na kukichambua kwa kirefu katika kitabu chake cha 1981. Mimi kinachonishangaza ni hicho kiti. Serikali nzima imebadilika kwa sababu ya kipande cha mti kilichochongwa! Lakini kiweke kiti kama hicho kwenye kabati la kioo, ukiandikie "kigoda, mti, Ufipa", mtu atakipita akitafuta choo kiko wapi.

Na kuna malungu. Hapa ndipo nitakapokaa.

La kwanza nililiona nikiwa na miaka tisa, tulipokwenda kwa wajomba upande wa Nkasi. Lilikuwa kati ya mahindi, refu kuliko nyumba, jekundu, limepasuka ubavu mmoja. Tulilipanda. Mjomba akatufukuza kwa fimbo, lakini sikumbuki kama alisema ni kitu gani. Ilungu (wingi malungu) ni tanuru la kuyeyushia chuma. Kimo chake ni kama mita 3, wakati mwingine zaidi, limejengwa kwa udongo, mara nyingi karibu na kichuguu maana udongo wake ni mzuri. Chini lina milango kuzunguka, na humo viliwekwa vibomba vya udongo. Halina mivukuto. Urefu wenyewe ndio unaovuta hewa, kama dohani. Walilijaza mkaa wa miti waliyoichagua pamoja na mawe ya chuma, wakawasha, wakasubiri siku kadhaa. Kilichotoka kilipelekwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, lenye mivukuto, kikasafishwa, halafu mhunzi akakifua kuwa jembe. Kwa jembe hilo Wafipa walipiga matuta ya intumba, yale ya mviringo yanayofukia majani yawe mbolea. Bila ilungu hakuna Ufipa tunayoijua.

"Hiyo ni teknolojia, si sanaa," rafiki yangu mmoja aliniambia. Sawa. Lakini sikiliza lilivyotendewa. Tanuru lilikuwa mwanamke. Lilipokwisha kujengwa lilipokewa kama bibi harusi, likafanyiwa mambo ya arusi, na chuma kilichotoka kilikuwa mtoto. Wayeyushaji walilala kambini mbali na wake zao wakati wote wa kazi, kwa kuwa kurudi nyumbani kungekuwa sawa na kumsaliti huyu aliye na mimba. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, na dawa nyingine zilifukiwa chini ya tanuru kabla ya moto. Kulikuwa na nyimbo na kanuni za nani apite wapi. Mtu akifanya hayo yote na sanamu ya mti wa mpingo, tutasema ni sanaa bila kusita.

Wazungu walipokuja waliyaona yote, wakayagawa. Wamisionari, ambao walikuwa Karema tangu 1885, waliiona mizimu na dawa wakaandika "upagani". Maofisa wa Kiingereza waliona ufundi wakaandika "uyeyushaji": Greig mwaka 1937, kisha R. Wise mwaka 1958, wote katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kazi yenyewe ilikuwa imeshakoma katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, majembe ya dukani yalipokuwa rahisi zaidi. Baadaye Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka akichimba Nkasi na mwambao wa Tanganyika, akaonyesha kwamba hatukuwa na ufundi mmoja bali mitatu: malungu, yale matanuru mafupi yanayoitwa katukutu, na ufundi wa Barongo. Namshukuru sana. Ila ona basi: nusu ya ilungu iliingia kwenye daftari la uchawi, nusu ya pili kwenye daftari la viwanda. Kwenye daftari la sanaa halikuingia, kwa sababu hakuna aliyeweza kulinunua akalitia kwenye ndege. Na ile nusu ya uchawi ndiyo hiyo tunayotaniwa nayo Kariakoo hadi leo!

Nilielewa jambo hili vizuri zaidi nje ya nchi, nilipokwenda Mbala. Si mbali. Kutoka Mpui unapanda gari hadi Sumbawanga, unashuka Matai, unavuka mpaka Kasesya, na baada ya muda uko Zambia, katika mji ambao Waingereza waliuita Abercorn na ambako von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha rasmi tarehe 25 Novemba 1918. Nje kidogo ya mji kuna Makumbusho ya Moto Moto. Jina ni la utani wa Joseph Dupont, askofu Mfaransa wa zamani. Msingi wake ni vitu vilivyokusanywa na padri Mkanada, Jean-Jacques Corbeil, na tangu 1974 ni makumbusho ya taifa.

Kilichonisimamisha pale ni mbusa za Wabemba. Ni vinyago vya udongo vya unyago wa wasichana, ule uitwao chisungu: nyoka, nyumba, ndege, mtu mwenye mzigo, vimepakwa madoa meupe, mekundu na meusi. Kila kimoja kina wimbo wake na fundisho lake, na msichana hufunuliwa kimoja kimoja. Audrey Richards, aliyeuona unyago huo mwaka 1931 na kuchapisha kitabu mwaka 1956, anaeleza jinsi walivyotumia siku nzima kufinyanga vitu vilivyobomolewa muda mfupi baadaye. Havikutengenezwa vidumu. Corbeil aliviokoa, na kwa kuviokoa alivifanya vitu vingine. Nilisimama mbele ya kioo, mwanamume, nikitazama kitu ambacho kwa miaka mingi mwanamume hakupaswa kukiona, na hakuna aliyenifukuza kwa fimbo.

Niliporudi Mpui nilimwonyesha bibi yangu mzaa mama picha kwenye simu. Yeye ana undugu na Wamambwe wa upande ule. Alitazama mbili, akairudisha simu ikiwa imelala kifudifudi.

"Mjukuu wangu, hivi vimewekwa ndani ya nyumba, kila mtu anapita?"

"Ndiyo bibi, unalipa kiingilio unaingia."

"Na nyimbo zake wameziweka wapi?"

Sikuwa na jibu.

Swali la bibi limenifanya nisitamani tena kuona ilungu likihamishiwa mjini. Hata ukijenga la mfano kwenye uwanja wa makumbusho, litakuwa chungu kikubwa bila kichuguu chake, bila msitu uliokatwa mkaa, bila kilima kilichotoa mawe. Ninachotamani ni kinyume chake, kwamba uwanda wenyewe uhesabiwe kuwa ndiyo makumbusho: malungu yaorodheshwe moja moja, yazungushiwe ua, mwenye shamba alipwe kitu kidogo kwa kulitunza, na mtoto wa shule apelekwe pale badala ya kupewa picha. Udongo hauna subira. Mvua ya Ufipa inajulikana, na ng'ombe naye hujikuna popote.

Mtu asiseme kwamba vitu vikiachwa ardhini vinapotea tu. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani pale pale kati yetu na Mbala, J. Desmond Clark alichimba miaka ya 1950 na 1960 akakuta miti ya kale ambayo wakati huo haikuweza kupimwa umri. Mwaka 2019 kundi la Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilirudi, likakuta magogo mawili, moja limelala juu ya jingine, na lile la juu limechongwa pengo ili yakae pamoja. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023: umri wake si chini ya miaka 476,000. Wakati huo binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea, na tayari mtu fulani upande ule wa mto alikuwa akichonga mti. Magogo yalidumu kwa sababu yalibaki kwenye maji na mchanga, bila kuguswa na mtu.

Malungu hayana bahati hiyo, yako juani. Basi wewe ambaye kwenu ni Nkasi, Kalambo au popote pale juu, ukienda likizo piga picha lile la shambani kwenu kabla mvua hazijaanza. Kisha mwulize mzee mwenye shamba kama analijua jina la fundi aliyelijenga, na kama kuna wimbo wowote anaoukumbuka.