Sentensi Sahihi na Sentensi ya Wasemaji: Historia ya Maswali Mawili

Mwanafunzi wa Kiingereza anapouliza kama sentensi yake ni "sawa", huwa ameuliza maswali mawili kwa mara moja: je, kanuni za sarufi zimefuatwa? Na je, wenye lugha husema hivyo? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo yana historia mbalimbali, na kwamba yanatuhusu hata sisi wa Kabondo-Dianda katika Kiswahili chetu.

Katika Kiingereza, swali la kanuni lilipata nguvu katika karne ya 18. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alichapisha sarufi fupi iliyowasahihisha hata Shakespeare na Milton. Ukanushi maradufu, uliokuwa jambo la kawaida kwa Chaucer katika karne ya 14, ulihesabiwa kosa kwa hoja ya hesabu, kwamba makanusho mawili hufutana. Matumizi ya wasemaji hayakutosha kuwa utetezi. Mwaka 1965 Noam Chomsky alitenganisha waziwazi usarufi wa sentensi na kukubalika kwake: sentensi yenye vishazi vilivyopachikwa ndani kwa ndani yaweza kutii kila kanuni, na bado msikilizaji akashindwa kuifuata.

Kwa upande wa Kiswahili, mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 ilikagua vitabu vya shule vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na katika miaka ya mwanzo hapakuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Yaani, waliohukumu sentensi walikuwa wamejifunza lugha hiyo ukubwani! Kongo, iliyotawaliwa na Ubelgiji, haikuwamo.

Huku kwetu Kiswahili kilikua migodini, mijini na kando ya reli. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Kufikia 1928 ilikuwa imepita hapa na Kamina hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Msemaji wa hapa husema: "Batoto banaenda ku masomo." Ukimpa "Watoto wanaenda shuleni" ataielewa vema, ila ataiita Kiswahili bora, lugha ya vitabu na ya ibada.

Ushahidi mkubwa ni historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa 1965 na André Yav kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ambayo Johannes Fabian aliichapisha 1990. Mwalimu wa sanifu angeijaza wino mwekundu. Hata hivyo, ni miongoni mwa maandishi machache ambamo wafanyakazi wa Katanga wameeleza ukoloni kwa lugha yao wenyewe. Kuyasahihisha kungekuwa kuyanyamazisha.

Mwanafunzi wetu hufika chuoni akiamini kwamba hajui Kiswahili, ilhali amekisema tangu utotoni. Katika "batoto bakubwa banaenda", kiambishi ba-, ambacho Kiluba pia hukitumia kwa watu, kimepatanisha nomino, kivumishi na kitenzi bila kukosea. Si sanifu, naam. Lakini upatanisho huo ni sarufi, na mwanafunzi huyo aliujua kabla hajashika kitabu.