Usubi wa Vyunguni: Vita Iliyohama Kutoka Hewani Hadi Udongoni

Katika misitu ya Usambara na mabonde yaliyo karibu na Tanga huota ua dogo la zambarau, kwenye nyufa za majabali yenye kivuli. Udongo linaoupata ni haba: majani yaliyooza na kunaswa kwenye ufa. Mvua ikinyesha, maji hupita na kwenda zake. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alivutiwa nalo akampelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaliandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost na Royston cha Los Angeles kikazalisha aina mpya kutokana na mbegu za Ulaya, na ua la majabalini likawa pambo la madirisha ya mamilioni ya nyumba.

Lakini chunguni maisha yalikuwa mengine. Ndani ya nyumba hakuna upepo wala jua la kukausha udongo haraka, na wenye maua, kwa mapenzi tu, humwagilia kila wakumbukapo. Udongo usiokauka huota kuvu, na penye kuvu hufika usubi.

Wadudu hawa ni weusi, wembamba, wa milimita mbili hadi nne, wanaorukaruka juu ya chungu kila kinapoguswa. Hawaumi. Madhara makubwa hufanywa na watoto wao: viluwiluwi vyeupe vyenye kichwa cheusi kinachong'aa, vinavyoishi sentimita chache chini ya uso wa udongo. Chakula chao ni kuvu na mabaki ya mimea, na wakizidi hugeukia mizizi michanga. Mche mdogo hunyauka ilhali udongo wake umelowa, na mwenye mche, akidhani una kiu, huongeza maji.

Kwa muda mrefu watu walipambana na yule wanayemwona. Watunza bustani wa Uingereza wa karne ya 19 walifunga milango ya nyumba zao za vioo wakafukiza tumbaku, kwa kuwa nikotini huua wadudu wengi. Wengine walitumia unga wa maua ya pareto, uliotoka kwanza Uajemi na pwani ya Dalmatia, kisha kwa wingi Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zao hilo lilifika nyanda za juu za Kenya, na Vita Vikuu vya Pili vilipokata biashara na Japani, Kenya ikawa mzalishaji mkuu duniani. Molo, Kinangop na Kisii kwa upande wa Kenya, Iringa na Mbeya kwa upande wa Tanzania, wakulima wakawa wanachuma maua meupe yaliyokwenda kulinda nyumba na maghala ya nchi za mbali.

Pareto hushambulia neva za mdudu na kumwangusha papo hapo, kisha huvunjika upesi kwenye mwanga wa jua. Sifa hiyo ndiyo iliyofanya ipendwe majumbani, na ndiyo iliyoifanya isitoshe kwa usubi. Mdudu mzima huishi takriban wiki moja tu, na jike huweza kutaga mayai mia na zaidi. Anayepulizia dawa leo huua waliokwisha kutaga. Kizazi kijacho kipo chini, salama.

Kisha udongo wenyewe ukabadilika. Miaka ya 1930, katika taasisi ya John Innes nchini Uingereza, William Lawrence na John Newell walitengeneza mchanganyiko wa vyungu uliotumia udongo wa kawaida uliochomwa kwa mvuke, hivyo mayai na magonjwa yakafa kabla ya kupanda. Miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa mchanganyiko mwepesi usio na udongo kabisa, ambao msingi wake ni mboji ya kinamasi. Ulikuwa rahisi kusafirisha na mimea iliupenda, kwa hiyo vitalu vingi vikaufuata. Mboji hiyo hushika maji kama sifongo, na usubi wakapata makao bora kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Silaha ya kuwafuata udongoni ilitoka mbali. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, Yoel Margalith na Leonard Goldberg walikuta kidimbwi ambamo viluwiluwi vya mbu vimekufa kwa wingi. Aliyewaua alikuwa bakteria, anayejulikana leo kwa kifupi cha Bti. Hutengeneza fuwele za protini. Kiluwiluwi akizimeza, sumu huyeyuka na kutoboa utumbo wake. Binadamu, nyuki na samaki hawadhuriki. Mbu, inzi weusi wa mitoni na usubi wa vyunguni wana undugu, hivyo silaha moja iliwafaa wote. Marekani iliisajili mwaka 1983. Huko Afrika Magharibi dawa hiyo ilimwagwa mitoni dhidi ya upofu wa mtoni, pale inzi walipoanza kuzizoea kemikali. Mwaka 2015 kiwanda cha viuadudu kilizinduliwa Kibaha, mkoani Pwani, kwa teknolojia ya Kuba, kuzalisha bakteria huyohuyo kwa ajili ya kupambana na malaria.

Vitalu vya maua viliongeza mshirika mwingine: Steinernema feltiae, mnyoo asiyeonekana kwa macho, anayeingia mwilini mwa kiluwiluwi na kumwachia bakteria wanaomuua kwa siku chache.

Leo mkulima makini huanza na maji. Huacha sehemu ya juu ya udongo ikauke kabla ya kumwagilia tena, au huweka chungu kwenye sahani ili maji yapande kutoka chini. Karatasi ya njano yenye gundi hunasa wanaoruka na kumwonyesha kama wanapungua. Kipande cha kiazi mbichi kilicholazwa juu ya udongo huvuta viluwiluwi, na kikigeuzwa, huonekana. Ndipo humwaga Bti au minyoo, na kurudia kwa wiki tatu hadi nne, muda ambao yai huchukua kufikia kuwa mdudu mwenye mbawa.