Mhujaji na Mtalii katika Nchi ya Siha

Safari huwa na miguu, lakini hija huwa na miguu na nia. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa elimu ya utalii wa dini na hija, ambayo siku hizi husomwa katika vyuo vikuu hadi shahada za uzamili na uzamivu. Mwaka 1978 Victor Turner na Edith Turner walitoa kitabu juu ya hija za Wakristo, wakaonyesha humo kuwa mhujaji na mtalii hawako mbali sana: kila mmoja ana kitu cha mwenzake. Mwanafunzi wa elimu hii aghalabu huelekeza mawazo Makka au Yerusalemu. Na akitaka mfano wa karibu, hutaja Namugongo nchini Uganda, ambako umati hukusanyika kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka mashahidi. Ni nadra sana Sanya Juu kutajwa.

Mji wa Sanya Juu uko magharibi ya Kilimanjaro, katika nchi ya Siha, njiani kutoka Boma Ng'ombe kwenda lango la Londorossi. Wapanda mlima hupita hapo, macho yao yakiwa juu kwenye theluji ya Kibo. Ni wachache wajuao kwamba mtawala wa nchi wanayoipita, Mangi Ngalami, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900.

Mauaji hayo yalikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1892 askari wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao, von Bülow, akafa vitani. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda Meli. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa katika nchi ya Meru, na kisasi kilichofuata kiliangamiza watu wengi na mali nyingi. Hatimaye, kwa tuhuma kwamba wakuu wa nchi walikuwa wakipanga uasi, watu 19 walinyongwa huko Old Moshi kwa siku moja. Miongoni mwao walikuwamo Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, na Ngalami wa Siha. Baadhi ya vichwa vyao vilikatwa vikapelekwa Ujerumani.

Uzito wa tendo hilo la mwisho hauwezi kupimwa na mtu asiyejua desturi ya Wachagga. Hapo zamani mzee alipozikwa, mambo hayakuishia kaburini. Baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuhifadhiwa kihambani, kati ya migomba, likizungukwa na masale, majani ya amani na ya kuombana radhi. Hapo ndipo wana na wajukuu walipokwenda kusema na wazee wao. Basi aliyechukua kichwa hakuiba mfupa tu. Aliiondolea jamaa nzima mahali pao pa kuendea. Aliwakatia hija.

Mwaka 2023 Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, yenye makao Berlin, ilitangaza matokeo ya kupima vinasaba vya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro. Matatu yalikutwa na jamaa walio hai, na mojawapo lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana humo, ingawa mjukuu wake alikuwa amelidai kwa miaka mingi.

Katika mambo hayo mna somo kubwa kwa mtafiti. Kila Desemba Wachagga waishio Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko hurudi vihambani kwao, mabasi yakajaa na barabara zikasongamana. Wengi husema wanakwenda kula Krismasi, nao husema kweli. Lakini huchinja, hupatana na ndugu, na husimama penye makaburi ya wazazi. Hesabu za utalii haziwaoni, kwa kuwa hawalali hotelini wala hawakati tiketi langoni. Mgeni aendaye Old Moshi kuonyeshwa mti wa kunyongea huandikwa kuwa mtalii wa utamaduni. Mjukuu wa aliyenyongwa, asimamapo chini ya mti huo huo, haandikwi popote.

Haifai kuwakataza wageni kuuona mti huo. Simulizi likielezwa kwa haki humwelimisha msikilizaji na kumpa riziki msimulizi. Lakini utafiti uanziao kwenye mapato hukomea kwenye mapato, na mahali pa msiba paweza kugeuzwa duka kabla wenye msiba hawajamaliza kulia. Yafaa mwanachuo awaulize kwanza wenyeji wa Siha, Kibosho na Moshi mahali hapo ni pa nani, na ni neno gani lipaswalo kusemwa hapo na lipi linyamaziwe. Akiisha kujibiwa hayo, ndipo ahesabu wageni. Mtalii hupanda mlima, akashuka, akaenda zake. Mwenyeji angali akingoja kichwa cha babu yake kirudi nyumbani.