Harry Truman na Wapima Maoni
Ukitaka kujua, ewe msomaji, thamani ya kura ya maoni ya mapema, mtazame Rais Harry Truman wa Marekani. Mwezi wa Septemba 1948 mpima maoni Elmo Roper alimwona Thomas Dewey ametangulia mno, akatangaza kuwa hakuna haja tena ya kuchapisha hesabu zake. Truman hakukata tamaa. Alisafiri kwa gari la moshi, akihutubia watu stesheni hata stesheni. Tarehe 2 Novemba alishinda kwa kura milioni 24 hivi dhidi ya milioni 22 za Dewey. Kosa la Roper lilikuwa kudhani nia ya watu haibadiliki. Hesabu ya mapema hueleza siku iliyohesabiwa, wala si siku ya uchaguzi. Basi usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa.