Umeme na Ukimya: Habari za Kuondoa Mvumo katika Santuri

Miongoni mwa kazi za ufundi ambazo husifiwa kidogo, lakini zisipofanywa vema hulaumiwa sana, ni kazi ya kuondoa mvumo katika mashine ya santuri. Msikilizaji humsifu mwimbaji, akasifu udi na fidla, wala hafikiri juu ya sanduku dogo linaloleta nguvu za umeme nyuma ya sauti hizo. Sanduku hilo likitengenezwa vizuri, halisikiki. Likitengenezwa vibaya, husikika kabla ya wimbo kuanza na baada ya wimbo kwisha. Habari zake ni habari za mgogoro mmoja: nguvu ile ile iliyoipa santuri sauti kubwa ndiyo iliyoitia kelele.

Hapo mwanzo mgogoro huu haukuwako. Fonografu ya Thomas Edison ya mwaka 1877, na gramafoni ya Emile Berliner iliyofuata miaka 10 baadaye, hazikutumia umeme katika kutoa sauti. Sindano ilifuata mfuo, ikatikisa kiwambo, na pembe ikaipeleka sauti chumbani. Mkwaruzo ulisikika, walakini mvumo haukuwapo. Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 ili waimbe katika santuri, nyimbo zao zilirudi katika pwani ambayo wengi walizisikiliza kwa mashine za kutiwa ufunguo kwa mkono. Mashine hizo hazikuwa na nguvu kubwa. Lakini wimbo ulipokoma, kimya kilikuwa kimya.

Wakati huo umeme ulikuwa umekwisha bisha hodi. John Ambrose Fleming alivumbua valvu ya kwanza huko Uingereza mwaka 1904, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza ndani yake waya wa tatu. Kwa waya huo mkondo dogo uliweza kuongoza mkondo mkubwa, na sauti dhaifu ikaweza kukuzwa. Mwaka 1925 makampuni makubwa ya santuri yalianza kunasa sauti kwa maikrofoni na valvu. Valvu za awali zililishwa na betri: moja ya kupasha uzi moto, nyingine ya kutoa volti nyingi, na mara nyingi ya tatu ya kuuweka sawa ule waya wa kuongoza. Betri ilikuwa nzito, ghali, na asidi yake iliunguza mazulia. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo mafundi walikuja kuitamani baadaye. Mkondo wake ni mnyoofu, na hauvumi.

Umeme wa nyumbani una tabia nyingine. Ni mkondo geu, wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde katika Uingereza na Afrika Mashariki, na mara 60 katika Marekani. Masikio husikia mwendo huo kama mvumo mzito. Mwaka 1925 Edward Samuel Rogers wa Toronto, Kanada, alileta sokoni redio isiyohitaji betri, na katika miaka michache mingine njia hiyo ikaenea. Valvu mpya zilitenganisha uzi unaopashwa moto na sehemu inayotoa elektroni, hata mkondo geu ukaweza kupasha moto bila kugusa sauti. Kwa volti nyingi, umeme ulipitishwa kwanza katika transfoma, kisha katika valvu ya kuunyoosha. Umeme unaotoka hapo haurudi nyuma tena, lakini bado unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde kama mawimbi. Ndipo kapasita hupokea maji ya wimbi lipandapo na kuyatoa lishukapo, kama birika la msikiti lipokeavyo maji kwa ndoo na kuyatoa kwa mfereji mmoja usiokatika.

Kwa redio ya siku zile hayo yalitosha. Kwa santuri hayakutosha, na sababu yake imo katika santuri yenyewe. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ya kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye mifuo myembamba. Ili sauti nzito zisiupanue mfuo, hupunguzwa wakati wa kuchonga, na wakati wa kusikiliza hurudishiwa ukubwa wake. Makampuni yalikuwa na vipimo mbalimbali vya kupunguza, mpaka mwaka 1954 chama cha watengenezaji santuri wa Marekani, kijulikanacho kwa herufi RIAA, kilipoweka kipimo kimoja. Kwa kipimo hicho, sauti ya mitikisiko 50 kwa sekunde hukuzwa mara 7 kupita sauti ya mitikisiko 1,000, na ile ya mitikisiko 100 hukuzwa mara 4 na nusu. Hizo ndizo sauti za mvumo wa umeme. Chombo kilichowekwa kurudisha ngoma na besi humkaribisha adui kwa mkono ule ule.

Zaidi ya hayo, sindano ya sumaku hutoa umeme mdogo mno, kiasi cha sehemu 5 katika sehemu elfu za volti moja. Yaani milivolti 5. Kikuza sauti cha awali hakina budi kukikuza kitu hicho kidogo kabla ya kitu kingine chochote, na kila uchafu unaoingia hapo hukuzwa pamoja nacho. Mafundi wa nyumbani walilielewa jambo hili mapema. D. T. N. Williamson alipochapa mchoro wake wa kikuza sauti katika gazeti la Wireless World mwaka 1947, watu wengi waliujenga mezani kwao, na mwaka 1949 akaongeza habari za kikuza sauti cha awali. Waliojenga waligundua kwamba kupata nguvu ni rahisi kuliko kupata ukimya.

Hesabu ndogo yaonyesha ukubwa wa kazi. Chukua kikuza sauti cha awali kinachotumia miliampia 20, chenye kapasita ya mikrofaradi 1,000 baada ya diodi za kunyoosha umeme. Volti zitapanda na kushuka kwa kiasi cha volti 0.2. Kiasi hicho ni mara 40 ya umeme wa sindano. Sasa fundi akiweka rezista ya omu 100, na nyuma yake kapasita ya pili kama ile ya kwanza, atapoteza volti 2 tu, na wimbi litapungua mara 60 na zaidi. Hiyo ni biashara yenye faida, na mafundi wa valvu waliifanya tangu zamani, hatua baada ya hatua.

Transista, iliyovumbuliwa mwishoni mwa mwaka 1947, ilileta njia nyingine: kifaa kinachopima volti zinazotoka, kikazilinganisha na kipimo kisichobadilika, na kusahihisha tofauti papo hapo. Katika miaka ya 1970 kazi hiyo yote iliwekwa ndani ya kipande kimoja chenye miguu mitatu. Kidhibiti cha namna ya LM317, kikisaidiwa na kapasita ndogo, chaweza kupunguza wimbi karibu mara 10,000. Kikiwekwa baada ya rezista na kapasita zilizotajwa, wimbi linalobaki halifiki hata mikrovolti moja.

Hata hivyo wengi waliofika hapo waliwasha mashine na kuusikia mvumo ule ule. Kosa halikuwa katika hesabu bali katika mahali. Transfoma hutoa usumaku unaopita hewani bila kuomba ruhusa ya waya. Umbali ukiongezwa mara mbili, usumaku huo hupungua kwa jumla mara 8. Kwa hiyo mafundi wengi huiweka transfoma katika sanduku la peke yake, mbali na sindano. Tena, mkondo unaoijaza kapasita ya kwanza huja kwa mapigo makali. Ukiachwa upite katika waya wa ardhi unaotumiwa na sauti, waya huo hugeuka kuwa mlango wa kelele. Dawa yake ni kuyafunga mapigo hayo katika njia yao fupi, na kukutanisha nyaya za ardhi mahali pamoja. Sikio lenyewe ni hakimu: mvumo laini wa mitikisiko 50 aghalabu hutoka katika usumaku au katika mzunguko wa nyaya za ardhi, na mvumo mkali wa mitikisiko 100 hutoka katika umeme ulionyooshwa vibaya.

Jambo hili si la wapenda mashine peke yao. Santuri za zamani huvunjika na kuchakaa, na sauti zilizomo zinahamishwa katika hifadhi za kompyuta. Mvumo ukiingia siku ya kuhamisha, huandikwa pamoja na wimbo, na chombo cha kuusafisha baadaye huweza kula sehemu ya ngoma na ya besi iliyo katika kimo kile kile. Santuri ya asili ikisha kupotea, hapatakuwapo shahidi wa kueleza kwamba mvumo haukutoka Bombay wala Unguja, bali ulitoka katika transfoma iliyowekwa karibu mno na sindano. Mwenye kuhifadhi sauti ya marehemu ana deni la kunyamazisha chombo chake kwanza.