Feza kidogo yenye hukuomba mu pochi ya kripto: nani anaituma, na anatafuta nini?

Asubui moja hapa Likasi, kambisti mumoja aliniita pembeni ya meza yake. «Yaya, angalia hii. Kuko mutu ananitumia USDT 0.01. Simujui, na hajaniandikia kitu.» Chini yake kulikuwa ingine, ndogo zaidi, ya TRX 0.000001. Tulicheka wote wawili, juu hata kitumbula kimoja haiwezi kununua. Siku ile ile alipaswa kutuma dola 1,800 kwa muntu wake wa bidhaa kule Guangzhou, na ginsi alizoea, alikuwa anataka kukopia adrese mu orodha ya feza zenye zilitoka mbele. Tutarudia ile adrese, maana njo pale mambo ilikuwa inangojea.

Wenye kujua kripto wanaita zile feza kidogo «vumbi». Haiko kosa ya mutumaji, na haiko zawadi. Wengi wetu tunajua tayari ule ujanja wa M-Pesa ao Airtel Money: unaingiliwa na mesaje, kisha mutu anapiga telefone akisema alikutumia kwa makosa, umurudishie. Vumbi iko tofauti. Hapa hakuna mwenye kupiga telefone, na hakuna mwenye kukuomba kitu. Mutumaji anaangalia tu.

Ili kuelewa anaangalia nini, inafaa kujua kwanza pochi ya kripto ni nini. Pochi ni programu mu telefone yenye kuchunga funguo zako. Adrese ni ile mustari mrefu wa herufi na namba yenye unapatia mutu ili akutumie. Na blokicheni ni daftari moja kubwa yenye iko wazi: kila kutuma, kila kupokea, saa na kiasi, kila mutu wa dunia anaweza kusoma bila kuomba ruhusa. Jina lako halimo. Kuko adrese tu. Kwa hiyo siri yako yote inasimamia kitu kimoja: watu wasijue kama adrese fulani ni ya nani.

Tuanze na bitcoin, maana kule njo vumbi inafanya kazi yake ya kwanza. Bitcoin moja inagawanyika mu vipande milioni 100, vyenye vinaitwa satoshi. Pochi ya bitcoin haichunge feza sawa kiasi kimoja. Inachunga vipande vyenye viliingia, kila kimoja na adrese yake, sawa vile noti mbalimbali. Wazia mama mumoja wa Panda mwenye kuweka feza mu sehemu tatu: kidogo mu sanduku, kidogo kwa shangazi yake, kidogo mu pindo ya kitenge. Hakuna mutu anayejua kama zote ni zake. Sasa mutu anatia alama ndogo ku noti za franga 50, anaingiza moja moja mu kila sehemu. Siku mama analipa kiwanja, anakusanya zote, na zile noti tatu zenye alama zinatokea pamoja ku meza ya muuzaji. Mwenye kuzitia alama alikuwa anangojea siku hiyo. Sasa anajua kama sehemu zote tatu ni za mutu mumoja, na anaweza kuhesabu.

Pochi ya bitcoin inafanya vile vile bila kukuuliza. Ukitaka kutuma, inaokota vipande toka adrese zako mbalimbali, inaviunganisha mu malipo moja. Kama kipande cha vumbi kimechanganyika ndani, kinavuta adrese yenye ilikuwa imejificha na kuionyesha pamoja na zingine. Na kama moja kati ya zile adrese uliwahi kuibandika mu kikundi cha WhatsApp na namba yako ya telefone, basi jina lako limeingia mu daftari. Vumbi yenyewe haiibe hata satoshi moja. Kama uliipokea na hujaituma, hujapoteza kitu.

Mambo hii haikuanza jana. Mu mwezi wa 10, 2018, watu wa pochi yenye kuitwa Samourai waliwaonya watumiaji wao juu ya vumbi ya bitcoin, na wakaweka njia ya kutia alama kipande «kisitumiwe». Mwaka ule ule watu wengi waliona satoshi 888 zikiingia. Ilikuwa matangazo ya BestMixer, tovuti yenye kuchanganya bitcoin za watu. Tarehe 10 mwezi wa 8, 2019, Binance ilitangaza kama watu wa Litecoin wametumiwa vumbi kwa wingi. Wengine wanatuma ili wafuate watu, wengine ili wajitangaze tu, na wewe mwenye kupokea huwezi kutofautisha.

Kuko hata mutu alituma vumbi juu ya kuchokoza serkali. Mwezi wa 8, 2022, Marekani ilikataza raia wake kugusa Tornado Cash. Siku iliyofuata, mutu asiyejulikana akatoa Ether 0.1 toka mule, akatumia watu wakubwa wenye adrese zao zilijulikana, kati yao Jimmy Fallon wa televizyo. Wote wakajikuta wamepokea feza ya marufuku bila kuinua kidole. Serkali ya Marekani ilipaswa kueleza kisha kama haitatanguliza kufuata watu wa namna hiyo. Hapa somo kwangu ni moja: hakuna namna ya kufunga mlango wa adrese. Mwenye kuwa nayo anaweza kukutumia chochote.

Na sisi huku? Kripto haiko mbali na Kongo ya mashariki. Pariki ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin ku Luviro mwaka 2020, kwa umeme wa maji yake. Lakini wafanya biashara wenye naongea nao hapa Likasi hawachungi bitcoin. Wanatumia USDT, ile yenye kufuata bei ya dola, ku mutandao wa Tron, ili kulipa bidhaa za China na Dubai. Kule hesabu inabadilika. Tron haichunge noti noti; inachunga kiasi kimoja kwa kila adrese, kama konti. Vumbi haina kitu cha kuunganisha, juu kila kitu kiko wazi tayari: mwenye kuwa na adrese yako anafungua Tronscan, anasoma uko na USDT ngapi leo, nani alikutumia jana, na wewe unatumia nani kila mwezi. Hata nikiandika habari hii najua kuko kambisti ameandika adrese yake ku karatasi na kuibandika ku meza, pembeni ya bei ya dola.

Hatari yake haiko ya komputa peke yake. Mu mwezi wa 5, 2025, huko Uganda, mwanzilishi wa kampuni Mitroplus Labs alitekwa na watu wenye silaha karibu na Kampala. Kampuni yake ilisema alilazimishwa kutuma kripto ya karibu dola 500,000. Mwizi mwenye kujua una nini hana lazima ya kuvunja programu.

Turudie ile adrese ya rafiki yangu. Ku Tron, vumbi inatumiwa mingi kwa kuharibu orodha yako. Mwizi anaona kama kila mara unalipa adrese fulani. Anatengeneza na komputa adrese yake mwenyewe yenye kufanana nayo: herufi za mwanzo sawa, za mwisho sawa, katikati tofauti. Kisha anakutumia USDT 0.01 toka mule, ao anaandikisha malipo ya sifuri, ili adrese yake ikae juu mu orodha yako. Telefone inafupisha: inaonyesha mwanzo, nukta tatu, na mwisho. Wewe una haraka, unakopia ya juu, unatuma. Imekwisha. Hakuna ajenti wa kupigia, na malipo ya blokicheni hairudi nyuma.

Hata matajiri wanaanguka. Tarehe 3 mwezi wa 5, 2024, mutu mumoja alituma bitcoin za namna ya WBTC 1,155, zaidi ya dola milioni 68, kwa adrese yenye kufanana na ya kweli. Alikuwa ametuma kwanza kidogo kwa kujaribu, ile ya kujaribu ikafika vizuri, na mwizi akaingiza adrese yake mu orodha mara moja. Yeye alibahatika: mwizi alirudisha sehemu kubwa. Kwa dola 1,800 za Likasi hakuna mutu atarudisha.

Kuko namna ya tatu, na hii inashika vijana zaidi. Haiko USDT yenye inaingia ila jetoni isiyojulikana, na mu jina yake kuko anwani ya tovuti: «ingia uchukue dola 1,000». Ukiingia na kuunganisha pochi, unaombwa kukubali kitu. Ile kukubali inawapa ruhusa ya kutosha feza zako za kweli.

Kama feza yako iko mu konti ya Binance ao kampuni ingine ya kuchenja, vumbi yenye inaingia pale haikuunganishe na mutu, maana kampuni njo inachunga funguo na kuchanganya feza za wateja. Lakini ile kampuni iko na kadi yako na sura yako.

Basi ukiona vumbi: usiiguse, usiirudishe, usifungue tovuti yake. Mu pochi za bitcoin zenye kuruhusu kuchagua vipande, weka kile pembeni. Kwa USDT, acha kabisa kukopia mu orodha; chunga adrese za watu wako mu kitabu cha pochi, na usome katikati pia. Na adrese ya kupokea wateja isikuwe ile ya akiba. Hii ya mwisho njo watu wanakataa, juu ni kazi, na kila kuhamisha inakula TRX. Lakini hata ukihamisha toka moja kwenda ingine moja kwa moja, daftari inaonyesha. Wengine wanapitisha kwanza ku kampuni ya kuchenja.

Kongo iko na sheria: Kodi ya digitali, ordonanse-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inaongea juu ya ulinzi wa habari za mutu. Lakini blokicheni haina biro mu Likasi, na hakuna mwenye anaweza kufuta mustari mu ile daftari.

Rafiki yangu alitosha adrese ya kweli mu mesaje za zamani za yule muntu wa Guangzhou, akaweka zote mbili moja chini ya ingine. Herufi tatu za kwanza sawa. Ine za mwisho sawa. Ile ya juu mu orodha, yenye alikuwa amekwisha kukopia, haikuwa ya muntu wake.